Kwani kuangalia madaraja ni kukosa kazi?

Mnaocheka hapa chini ya hii makala ya wapenda barabara eti hawana kazi, kuzunguka mji wa Pittsburgh kule Marekani kutwa nzima wanapiga picha madaraja na haiwei, jamani mji una madaraja zaidi ya 400 mlitaka waangalie nini? Mi nashangaa tu mwandishi wa makala kayapitia juujuu yale matatu yanayofanana pale mto Allegheny, Clemente, Warhol na Carson, yamejengwa kati ya 1924 na 1928 na minyororo yake ya chuma haikufungwa ardhini kwenye kingo kama madaraja mengi ya kuning'inia, imefungwa kwenye sakafu ya daraja lenyewe, yaani linajishikilia lenyewe. Hapo ndo pa kusimama bana. Halafu daraja la Fort Duquesne, lilimalizika 1963 ila ng'ambo hakuna barabara ya kuunganisha, likakaa hivyohivyo hadi 1969, na 1964 kuna mwanafunzi alipita vizuizi na gari lake akaruka nalo mpaka ng'ambo akatoka mzima 😂 Wakienda tena waingie mjini kwa handaki la Fort Pitt, unatoka tu ghafla mji wote huo mbele yako, ila dereva leni achague mapema maana pale juu ya daraja linalofuata handaki muda wa kuhama ni mdogo mno