Hilo Ngoja Nirudi Nikaulize Ofisini

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia kwenye vikao vya ubia karibu mara nyingi kama salamu: "Hilo ngoja nirudi kwanza nikaulize ofisini." Inatamkwa kwa adabu, na anayeitamka mara nyingi hana kosa lolote. Ila ikishatamkwa, wazo lililokuwa linaanza kuchangamka mezani linapoa. Wiki mbili baadaye jibu linarudi, limeshapitia kwa wanasheria na kwa watu wa fedha, na aliyelitoa wazo keshasahau kilichomsisimua.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye timu zinazosimamia ushirikiano kati ya kampuni na kampuni. Ni kazi ya ajabu kidogo. Wenzako wa nyumbani wanahisi umeshahamia kule, na wa kule wanakuona mpelelezi mwenye tabasamu. Ukiniuliza nini kinawafanya watu wa namna hii wawe wabunifu, sitakutajia warsha wala karatasi za rangi zilizobandikwa ukutani. Nitakuuliza: huyo mtu wako akiwa mezani, anaruhusiwa kusema "tujaribu" bila kupiga simu kwanza?

Mradi mmoja tulikwama miezi miwili kwa jambo la kijinga. Sisi tulihesabu akaunti, wenzetu walihesabu watu. Mtu mwenye akaunti tatu kwetu alikuwa wateja watatu, kwao mmoja. Kila mwisho wa mwezi taarifa hazioani, na kila mwisho wa mwezi baruapepe kali zinatumwa, nakala kwa wakubwa wote. Siku moja kikao kimeshakwisha, watu wanakunja nyaya za kompyuta, kijana mmoja wa upande wao akageuza karatasi ya ajenda, akachora visanduku viwili na mshale kati yake. Akasema kwa sauti ya chini, "Kusema kweli hesabu yetu ndiyo yenye kasoro. Tunajua tangu mwanzo."

Kimya. Bosi wake alikuwa ameshafika mlangoni, begi begani. Akarudi, akautazama ule mchoro, akavuta kiti. "Haya, tuonyeshe."

Tulikaa saa nzima zaidi. Tulichotoka nacho hakikuwa chetu wala chao: namba moja ya mtu inayobeba akaunti zote za pande mbili, kitu ambacho hakuna aliyekuja nacho asubuhi ile. Siku zote nasema kilichoizaa namba ile ni kile kiti. Angemkata kijana jicho, tungekuwa bado tunatumiana baruapepe.

Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliwahi kukutana na jambo kama hili akichunguza timu za hospitali miaka ya 1990. Timu zenye uhusiano mzuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Maelezo yake ni kwamba huenda hazikuwa zikikosea zaidi, zilikuwa zikiyasema. Kwenye ubia ugumu huo ni mara mbili, maana unaungama mbele ya mtu ambaye mwezi ujao mtakaa naye kujadili bei.

Pia sikubaliani na wanaodhani timu bunifu ni ile inayoelewana mapema. Sony na Philips walipokutanisha wahandisi wao mwaka 1979 kutengeneza CD, kila upande ulikuja na msimamo wake. Philips walitaka biti 14 (biti zikiwa nyingi, sauti hurekodiwa kwa undani zaidi) na diski ya milimita 115, Sony wakashikilia biti 16. Mwaka 1980 wakakubaliana biti 16 na milimita 120. Sasa Philips walikuwa tayari na chipu yao ya biti 14. Hawakuitupa. Wahandisi wao waliongeza mara nne idadi ya sampuli, yaani vipimo vya sauti vinavyochukuliwa kila sekunde, kabla ya kuifikisha sauti kwenye chipu, na ile ya biti 14 ikatoa ubora unaolingana na biti 16. CD ilipoingia sokoni Japani, Oktoba 1982, mbinu hiyo ilikuwa imeshazaliwa, na kilichoizaa ni mshirika aliyekataa kulegeza. Wangekuwa wapole wote wawili, nadhani isingekuwepo, au ingechelewa sana.

Wapo wanaosema mikataba ndiyo inayoua ubunifu, na hutoa mfano wa Pfizer na BioNTech, walioanza kazi ya chanjo ya UVIKO-19 Machi 2020 kabla mkataba kamili wa kibiashara haujasainiwa. Kweli walianza. Ila kampuni hizo zilikuwa zimeshashirikiana kwenye chanjo ya mafua tangu 2018. Hawakuwa wageni wakisukumana mlangoni. Kwa timu isiyo na historia hiyo, mimi nautaka mkataba, tena wenye mambo mawili yaliyoandikwa kwa lugha ya kueleweka. La kwanza ni fedha kidogo ambayo timu inaweza kuitumia kwa majaribio bila kuomba kibali cha makao makuu mawili. La pili, kitakachobuniwa pamoja ni cha nani. Watu hawafichi mawazo kwa uchoyo. Wanayaficha kwa sababu hawajui yakishatoka mdomoni yatakuwa mali ya nani.

Halafu kuna swali unaloulizwa ukirudi nyumbani. Bosi akikupokea kila mara kwa "Umetupatia nini?", utakuwa mlinzi mzuri wa maslahi, basi. Nilikuwa na bosi mmoja aliyekuwa akiuliza, "Leo wamekushangaza na nini?" Mwanzoni niliona ni maneno tu. Baada ya muda nikajikuta kwenye vikao natafuta cha kumjibu.

Ni yeye niliyempelekea habari za ile namba moja ya mteja. Akafurahi, akataka tuitumie kwenye mradi mwingine mwezi huohuo. Kisha akauliza, kama mtu anayepita tu, "Kwani ni yetu au yao?"

Mkataba haukusema. Namba ile ilikaa kwenye faili miezi minne wanasheria wakiandikiana, na kijana aliyeichora alikuwa ameshahamishwa idara. Siku ile mimi nilibaki nimesimama mbele ya meza ya bosi, nikajisikia nikisema, "Hilo ngoja nirudi kwanza nikaulize."