Kabla ya Kufunga Boksi, Shika Cheni Yako

Wiki sita zilizopita nilipiga magoti chini ya mwembe, pembeni ya barabara kuu pale Doma, nikiangalia oili ikichuruzika kutoka nyuma ya sproketi ya mbele (gurudumu dogo la meno linalovuta cheni) ya pikipiki ya rafiki yangu. Tulikuwa tumeondoka Kunduchi saa kumi na moja alfajiri, tukapita Chalinze kabla jua halijawa kali, tukanywa chai Morogoro, na mpango wetu ulikuwa kulala Iringa. Mkewe alikuwa ameketi juu ya boksi la aluminiamu ambalo halikuwa na hata mkwaruzo mmoja, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, safari ndiyo imeishia hapa?" Ilikuwa imeishia hapo. Jioni ile pikipiki ilirudi Dar es Salaam juu ya Fuso, imefungwa kamba katikati ya magunia ya vitunguu yaliyotoka Ruaha Mbuyuni, nami nikaifuata kwa nyuma nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha.

Simkasirikii rafiki yangu. Majuma mawili kabla ya safari alikuwa amepeleka pikipiki yake kwenye gereji moja hapa mjini ili afungiwe maboksi matatu, taa mbili za ukungu na kioo kirefu cha kukinga upepo. Wakati wa kumalizia kazi, fundi aliona cheni imelegea kidogo, akaikaza bila kuagizwa, tena kwa nia njema kabisa, mpaka ikawamba kama ngozi ya ngoma. Hakuna aliyeuliza maboksi yatabeba kilo ngapi, wala kama kutakuwa na abiria. Kitabu cha pikipiki kilikuwa chini ya kiti, ndani ya mfuko wake wa nailoni, na hakuna aliyekitoa.

Ninachotaka kusema ni kimoja, na nakisema kwa moyo wangu wote. Kifaa chochote unachokifunga kinaibadilisha pikipiki nzima, na mtu wa kwanza anayepaswa kujua imebadilika vipi ni wewe mwenyewe, kwa mikono yako, uani kwako, kabla hujalipia kifaa hicho. Tumejenga desturi mbaya katika jiji hili ya kununua vifaa vya safari kwa pupa na kuiacha pikipiki yenyewe ijitunze. Nimewaona watu wenye taa zinazoweza kumulika shamba zima la mkonge, lakini hawajawahi kupima cheni zao hata siku moja.

Tuzungumzie cheni, kwa sababu ndiyo iliyoturudisha Dar es Salaam badala ya kutufikisha Iringa. Pikipiki zetu hizi za safari zina springi ndefu, na gurudumu la nyuma hupanda na kushuka sana kuliko la pikipiki ya mjini. Mkono unaoshika gurudumu hilo umefungwa kwenye fremu, nyuma kidogo ya sproketi ya mbele. Gurudumu linapopanda, umbali kati ya sproketi ya mbele na ekseli ya nyuma unaongezeka, mpaka sproketi, egemeo la mkono na ekseli vikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Hapo ndipo cheni inapokaza kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo cheni inayoonekana imelegea vizuri pikipiki ikiwa tupu, gurudumu likining'inia juu ya stendi ya kati, inaweza kuwa haina hata chembe ya nafasi mara tu watu wawili wanapopanda na maboksi yakajaa.

Cheni ikikosa nafasi, barabara haitakuonea huruma. Kila shimo na kila tuta linajaribu kulipandisha gurudumu, cheni inakataa, na nguvu yote ile inaishia kwenye beringi ya shafti inayotoka kwenye gia. Beringi inaanza kucheza, sili ya oili, yaani mpira unaoizuia oili isitoke, inakatika, na oili inatoka. Ndicho nilichokiona pale Doma. Sili peke yake, kwenye pikipiki nyingi, hubadilishwa kwa kufungua sproketi tu, nayo ni kazi ya saa chache. Beringi ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa lazima injini ishushwe na kupasuliwa katikati. Rafiki yangu alihitaji vyote viwili. Fundi aliyeipasua injini, mzee mtulivu ambaye hafanyi kazi kwa haraka, aliiinua ile cheni kwa kidole, akaniangalia na kuuliza, "Nani amewakazia hivi, mwanangu?" Gharama ya kazi ile ilizidi bei ya maboksi yote matatu, na pikipiki ilikaa gereji wiki tano.

Mimi naendesha V-Strom 650, pikipiki ya safari ya Suzuki, na kitabu chake kinataka cheni icheze kati ya milimita 20 na 30 pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni. Pikipiki nyingine za safari zinataka nafasi kubwa zaidi ya hiyo, ndiyo maana kipimo cha jirani yako hakikufai wewe. Ninachofanya ni kuweka rula wima katikati ya upande wa chini wa cheni, nikaisukuma juu na kuivuta chini kwa kidole, kisha nikaisogeza pikipiki kidogo na kupima tena, mara nne au tano, kwa maana cheni haichakai sawasawa na mahali pake palipokaza zaidi ndipo panapotawala. Baada ya hapo nafanya jambo ambalo naomba kila anayesoma alifanye. Nafunga maboksi yakiwa na mzigo halisi wa safari, namwita mke wangu apande, nami naketi mbele, kisha kijana wetu anashika cheni na kutuambia kama bado inacheza. Isipocheza, safari haianzi.

Kusafisha kwake hakuhitaji dawa ya gharama. Cheni zenye mipira midogo ndani ya viungo huharibiwa na petroli, kwa sababu petroli inaikausha na kuipasua mipira ile ambayo kazi yake ni kutunza grisi iliyowekwa kiwandani. Tumia mafuta ya taa na brashi laini, pangusa kwa kitambaa mpaka kikome kutoka na weusi, kisha paka oili ya gia upande wa ndani wa cheni, ingali na joto la barabarani. Mimi hufanya hivyo kila baada ya kilomita 800 hivi, na kila baada ya kunyeshewa. Tunaoishi karibu na bahari hatuna budi kuzidisha, maana chumvi ya Kunduchi haipumziki. Ukiiacha cheni kavu kwa wiki moja tu ya masika, utaikuta na rangi ya kutu ubavuni.

Ninalo jambo linaloniuma kuhusu nati ya ekseli. Kwenye pikipiki yangu inatakiwa ikazwe kwa nyutonimita 100, na mafundi wengi niliowaona huikaza kwa kusimama juu ya spana. Mmoja ana kilo 60, mwingine ana 90, na wote wanaamini wamekaza sawa. Spana inayopima nguvu ya kukaza niliinunua Kariakoo miaka minne iliyopita, na katika vifaa vyote nilivyowahi kununua kwa ajili ya pikipiki hii, hicho ndicho nitakachokiokoa kwanza nyumba ikiungua. Haining'inii kwenye pikipiki, haipendezi kwenye picha, lakini gurudumu langu la nyuma halijawahi kukaa upande.

Mambo mengine nitayapitia kwa haraka, si kwa sababu ni madogo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwaka mzima. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi nyuzi 155. Yeyote aliyewahi kuuteremka mlima Kitonga akiwa na abiria na mzigo, nyuma ya lori lililobeba makontena, anajua breki zinavyopata moto pale. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, hata kama yanaonekana masafi.

Chujio la hewa nalo, ukishapita njia ya Kisarawe kwenda Mloka wakati wa kiangazi, lifungue siku ya pili yake. Ratiba ya kitabu iliandikwa kwa ajili ya lami, na vumbi lile jekundu halisubiri kilomita 6,000. Na tafadhali, usiwape vijana wa kuosha magari ruhusa ya kuelekeza maji ya presha kwenye kitovu cha gurudumu wala kwenye cheni. Maji yale yanapita kwenye sili, yanaisukuma grisi kando, na beringi inakufa polepole huku pikipiki ikimeremeta.

Sasa turudi kwenye vifaa, kwa kuwa sitaki kueleweka kwamba navikataa. Bamba la chuma la kukinga tumbo la injini, vyuma vya ubavuni na kinga za mikono nakubali kwamba ni vya lazima kwa mtu anayetoka nje ya lami. Jiwe moja tu kwenye barabara ya Lushoto kwenda Mtae linaweza kutoboa injini, na sina hoja ya kupinga hilo. Maboksi pia yana faida yake, hasa kwa safari ya watu wawili, ingawa matatu ya aluminiamu pamoja na fremu yake hayapungui kilo 15 kabla hujaweka hata soksi. Ukiyafunga, kaza springi ya nyuma kulingana na uzito, ongeza upepo kwenye tairi la nyuma (langu hutoka psi 36 na kufika psi 41 ninapobeba abiria), kisha simama usiku mbele ya ukuta na ushushe mwanga wa taa kubwa, kwa maana mkia ukikaa chini taa inapanda na kuwapofusha wenye mabasi wanaokuja. Hiyo ndiyo maana yangu ninaposema kwamba boksi linaibadilisha pikipiki nzima.

Taa za ukungu ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi kuliko vifaa vyote, kutokana na jinsi zinavyofungwa. Nilipoifungua pikipiki ya rafiki yangu uani kwangu, nilikuta waya wa taa mpya umechunwa na kusokotwa kwenye waya wa taa kubwa, ukazungushiwa utepe mweusi ambao ulikuwa umeanza kubanduka kwa joto. Taa mbili za wati 55 kila moja zinavuta umeme wa takriban ampea tisa, na waya ule mwembamba haukutengenezwa kubeba mzigo huo juu ya mzigo wake wa kwanza. Waya wake unapaswa kutoka kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ndiyo iwashe taa. Nilikata vyote, nikaanza upya. Tulitumia Jumapili nzima, na rafiki yangu ndiye aliyebana viungio vyote kwa koleo lake mwenyewe, huku mimi nikimulika tochi.

Wapo watakaosema kwamba kazi hizi ni za fundi na kwamba kila mtu aachiwe taaluma yake. Kwa kiasi fulani wako sahihi. Sipimi vali mwenyewe. Kazi hiyo, ambayo kwenye pikipiki yangu huja kila kilomita 24,000, naipeleka kwa yule mzee, nami nakaa pembeni kwenye benchi nikijifunza. Lakini fundi hatakuwa nawe Doma. Hatasikia mlio uliobadilika chini ya kiti chako ukiwa Mikumi katikati ya hifadhi, mahali ambapo hupaswi hata kushuka. Aliyewahi kuishika cheni yake mara ishirini akiwa nyumbani ataisikia ikilia na atasimama mapema. Rafiki yangu aliniambia baadaye kwamba ule mlio aliusikia tangu Chalinze, akadhani ni boksi jipya linagongana na fremu yake.

Juzi Jumamosi injini ilirudi kwenye fremu, na pikipiki ikaja kwangu. Tulifunga maboksi yote matatu, tukayajaza chupa za maji mpaka yakafikia uzito wa safari, shemeji akapanda nyuma na mumewe mbele, nami nikalala chini kwenye saruji nikiwa na rula. Cheni ilicheza milimita 15 ikiwa na mzigo wote. Bila mzigo, kwenye stendi ya pembeni, ilisoma 40, ndani kabisa ya kipimo cha kitabu chake. Rafiki yangu aliandika namba zote mbili kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha boksi la kulia. Tunaondoka tena Ijumaa ijayo, saa kumi na moja alfajiri, na tukifika Chalinze tutasimama kuzipima upya kabla ya chai.