Mwalimu Kipenzi na Namba Mbili Zilizopotosha Mjadala

Mjadala wa ualimu siku hizi hauendi mbali kabla mtu hajaleta kauli aliyoitoa jukwaani mwalimu Rita Pierson wa Marekani mwaka 2013: watoto hawajifunzi kwa mtu wasiyempenda. Ilipigiwa makofi, na wanaoirudia hawajakosea. Kasoro inaingia inaposukumwa hatua moja mbele, kwamba mwalimu akishapendwa, kulijua somo ni jambo la kujiongezea jioni, akipitia kitabu cha kiada kurasa mbili mbele ya wanafunzi wake.

Upande huo una namba zake. Mwaka 2009 mtafiti wa elimu John Hattie alikusanya chambuzi zaidi ya 800 za tafiti za elimu, akayaweka kwenye mizani moja mambo yanayoinua au kushusha ufaulu. Alama ya 0.40 aliichukua kuwa wastani. Kinachoizidi ndicho kinachostahili kuangaliwa. Uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi ukapata 0.72. Ujuzi wa mwalimu katika somo lake ukapata 0.09. Mara nane! Mkuu wa shule akishaonyeshwa jedwali hilo, utamlaumuje akiamua semina zote za mwaka ziwe za malezi na mawasiliano, ya hisabati isubiri?

Kabla ya kuzigusa namba hizo, upande huo upewe haki yake, maana si ndogo. Mtoto aliyechekwa kwa jibu baya Jumatatu hanyooshi mkono Jumanne, na kuanzia hapo mwalimu hajui tena anachofikiri. Hofu inakula akili ile ile inayohitajika kufuatilia hesabu yenye hatua nne. Tena kuna mambo ambayo mtihani hauyaoni. Mchumi C. Kirabo Jackson alichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu wanafunzi wa darasa la 9 katika jimbo la North Carolina, akakuta kuna walimu ambao mchango wao hauonekani sana kwenye alama za mtihani bali kwenye mahudhurio, nidhamu na kuvuka darasa, na mchango huo ulitabiri vizuri zaidi, kuliko mchango kwenye alama, nani atamaliza sekondari. Mwalimu anayemfanya mtoto atake kurudi shule kesho hafanyi kazi ndogo. Na yule bingwa wa somo anayezungumza na ubao kipindi kizima, akigeuka kengele imeshalia, wengi wetu tumepitia mikononi mwake. Huyo simtetei.

Lakini hiyo 0.09 ilipatikanaje? Katika tafiti nyingi za aina hii, ujuzi wa somo hupimwa kwa kuhesabu kozi alizosoma mwalimu au shahada aliyo nayo. Cheti kinaonyesha kwamba mtu alisoma. Hakionyeshi kama anaweza kueleza kwa nini kugawanya kwa nusu kunakuza jibu badala ya kulipunguza. Mtafiti Liping Ma aliuliza karibu hilo hilo. Katika utafiti uliotoka mwaka 1999, walimu wa shule za msingi wa Marekani na wa China walipewa moja na robo tatu, wagawanye kwa nusu, kisha watunge hadithi inayolingana na hesabu hiyo. Wachina wote 72 walipata jibu, tatu na nusu, na takriban asilimia 90 kati yao wakatunga hadithi inayokubalika. Kwa Wamarekani 23, waliokokotoa hadi mwisho bila kosa hawakufika nusu, na kwenye hadithi wengi walieleza kitu kinachogawanywa sawa kwa watu wawili, yaani wamegawanya kwa 2, si kwa nusu. Sasa tazama vyeti vyao. Wamarekani ndio waliokuwa wamekaa shuleni na chuoni miaka mingi zaidi. Wachina wengi walikuwa na miaka 11 au 12 ya masomo, basi. Mtafiti anayehesabu shahada angeandika kwamba walimu wenye ujuzi ni wale walioshindwa swali.

Halafu kuna suala la nani anayelinganishwa na nani. Ukiwapima macho madereva waliokwisha kupewa leseni, hutaona uwezo wa kuona ukieleza ajali nyingi, kwa sababu wasioona hawakupewa leseni. Ndivyo ilivyo kwa walimu waliokwisha kuchujwa na vyuo na mitihani: wamebaki kwenye ukanda mwembamba, na tofauti ndogo ndani ya ukanda huo haiwezi kutoa namba kubwa. Heather Hill na wenzake waliliona hili mwaka 2005. Walipima hisabati ile inayohitajika kufundishia, wakakuta inatabiri maendeleo ya watoto wa darasa la kwanza na la tatu. Ndiyo, darasa la kwanza, kwenye kuhesabu na kujumlisha, mahali ambapo kila mtu anaamini upendo unatosha. Na kwa watoto hao wa darasa la kwanza tofauti ilijitokeza hasa kwa walimu wa chini kabisa kwa ujuzi.

Namba ya 0.72 nayo ina maswali yake. Inatokana na kazi ya Jeffrey Cornelius-White ya mwaka 2007, iliyojumlisha tafiti 119, ambazo kwa sehemu kubwa zilionyesha kwamba mambo mawili huenda pamoja: palipo na uhusiano mzuri, pana ufaulu. Sawa. Ila mtoto anayefaulu humpenda mwalimu wake kwa urahisi, na mwalimu naye (tuseme ukweli) humpenda kwa urahisi mtoto anayefaulu. Nani alimvuta mwenzake?

Ndiyo maana nauthamini sana utafiti mmoja wa Peru, wa Johannes Metzler na Ludger Woessmann, wa mwaka 2012. Walichukua wanafunzi wa darasa la 6 wanaofundishwa hisabati na kusoma na mwalimu yule yule, na mwalimu mwenyewe akapimwa kwenye masomo yote mawili. Uzuri wa mpango huo ni kwamba mwalimu ni mmoja na mtoto ni yule yule. Kama wanapendana, wanapendana kwenye vipindi vyote viwili. Kama kuna ubaridi, nao ni ule ule. Kinachobadilika ni kiasi ambacho mwalimu anajua somo hili kuliko lile. Na kwenye hisabati ujuzi huo ulihamia kwa mtoto. Kwenye kusoma matokeo hayakuwa wazi, na hilo lisifichwe. Lakini wanaosema ujuzi hauna kazi watafute maelezo mengine ya ile hisabati.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba ni timu mbili zinazogombea kombe. Darasani hazikai hivyo. Andika ubaoni 0.6 na 0.45, uliza ipi kubwa. Mtoto atasema 0.45, kwa sababu 45 ni kubwa kuliko 6. Mwalimu mpole asiyelijua vizuri eneo hili atatabasamu: umejaribu, hebu fikiri tena. Mtoto anafikiri tena. Yamebaki majibu mangapi? Moja. Anasema 0.6, anapigiwa makofi, anakaa. Swali linalofuata ni 0.3 na 0.75. Mtoto anajibu 0.75, ni sahihi, anapongezwa tena, na ile kanuni mbovu aliyoingia nayo sasa imethibitishwa na mtu anayemwamini. Hapa upendo wa mwalimu umefanya kazi ya kugongea muhuri kosa.

Mwalimu anayejua hashangilii lile jibu la 0.75, kwa kuwa kanuni sahihi na kanuni mbovu zote mbili zinalitoa. Anauliza: kati ya 0.3 na 0.30 ipi kubwa? Akijibiwa 0.30, amekwishajua mtoto amesimama wapi. Anamwambia asome tarakimu zilikokaa, sehemu za kumi kwanza, sehemu za mia baadaye. Wala hakuhitaji kumwambia mtoto kwamba hana akili, kwa sababu ameona kwamba kosa lake lina mantiki: amechukua kanuni iliyomfaa kwenye namba nzima, akaipeleka mahali isipofanya kazi.

Philip Sadler na wenzake walilipima jambo hili kwa walimu wa sayansi wa Marekani, matokeo yakatoka mwaka 2013. Walimu walijibu maswali ya wanafunzi wao, kisha wakatakiwa kubashiri jibu gani la makosa litachaguliwa na wanafunzi wengi. Pale ambapo kosa fulani lilikuwa la kawaida, waliojua jibu sahihi na kosa lenyewe ndio ambao wanafunzi wao walisonga mbele zaidi. Kujua jibu peke yake hakukutosha, na hapo mwenye shahada yake asijitanue.

Kuna matokeo ya Ujerumani ambayo naona hayajasomwa ipasavyo. Jürgen Baumert na wenzake, mwaka 2010, walifuatilia karibu madarasa 200 ya hisabati ya sekondari. Walitenganisha kuijua hisabati na kujua namna ya kuifundisha, na hiki cha pili ndicho kilichobashiri zaidi maendeleo ya wanafunzi, ingawa hakisimami bila cha kwanza. Kilipitia njia mbili: kazi zinazochemsha bongo, na msaada kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Ndani ya huo msaada walipima nini? Walipima uvumilivu wa mwalimu, heshima yake, na namna anavyopokea makosa. Yaani mambo yale yale tunayoyaweka upande wa mahusiano yalionekana zaidi kwa walimu wanaojua jinsi somo lao linavyofundishika. Kwangu haishangazi. Asiye na uhakika na jibu huogopa swali, na anayeogopa maswali huanza kuyakata.

Sisemi semina za malezi zifutwe. Ila kwenye usaili wa mwalimu wa hisabati, dakika zinazopotea kwenye swali la kwa nini unapenda watoto ningezitumia kwa jambo jingine. Ningempa mwombaji daftari lenye 52 kutoa 38 sawa na 26, nimwulize mtoto huyu amefikiri nini, na utamwambia nini kwanza. Anayejua ataona mara moja kwamba mtoto ametoa 2 kwenye 8 badala ya kukopa, na maneno yake ya kwanza kwa huyo mtoto yataonyesha pia kama ana subira. Aliyekwama kwenye sehemu ya kwanza hatakuwa na la kusema kwenye ya pili, isipokuwa "jaribu tena", hata akilisema kwa sauti ya upole namna gani.