Barakoa za galaksi: kosa liko ukingoni

Wapo wapigapicha za anga wanaoihesabu barakoa, yaani picha ya weusi na weupe inayoamua badiliko liguse sehemu zipi na kwa kiasi gani, kuwa ulaghai. Ukivuta mwangaza wa picha nzima ili vilivyo hafifu vionekane, kwa mkunjo mmoja (mstari unaopanga kila kiwango cha mwangaza kitoke kikiwa kipi), wanasema, kila pikseli imetendewa sawa. Ukifunika sehemu moja na kushughulikia nyingine, umeanza kuamua galaksi ionekaneje. Hoja ina uzito, ila imeelekezwa kusiko.

Chukua barakoa iliyotolewa kwenye mwangaza wa picha yenyewe, bila kulainishwa. Pikseli yenye thamani ya 0.3 kwenye barakoa (0 ni nyeusi, 1 ni nyeupe) hupokea asilimia 30 ya badiliko na kubaki na asilimia 70 ya hali yake ya awali. Kwa kuwa hiyo 0.3 imetoka kwenye mwangaza wake, kuongeza kontrasti kupitia barakoa hiyo, kwenye picha isiyo na rangi, ni sawa kabisa na kuchora mkunjo mwingine: pikseli mbili zilizoingia na mwangaza mmoja hutoka na mwangaza mmoja. Anayeukubali mkunjo atakataaje barakoa? Mambo hubadilika unapoilainisha, maana hapo pikseli huanza kuhukumiwa pamoja na jirani zake. Ukiichora kwa brashi, basi. Hiyo siitetei.

Kazi ya barakoa inajulikana: kutenganisha galaksi na anga. Kunoa kwa nguvu ya kutosha kuonyesha njia za vumbi za galaksi ya M51 hunoa pia noizi (chembechembe za nasibu) ya anga, na kuondoa noizi ya anga kwa nguvu hula mikono ya galaksi.

Lawama nyingi hutokana na ukingo, na hapa inafaa kutulia. Katalogi hupima kipenyo cha galaksi pale mwangaza wake unaposhuka hadi magnitudo 25 (kipimo ambacho namba kubwa ni mwanga hafifu zaidi) kwa kila sekunde ya tao ya mraba, kipande kidogo sana cha anga. Anga lenye giza zuri lina takriban 22. Tofauti ya magnitudo 3 ni karibu mara 16. Yaani penye "mpaka" wa katalogi, galaksi inatoa sehemu moja tu ya kumi na sita ya mwanga wa anga lenyewe, na diski bado inaendelea. Mpaka huo ni makubaliano tu ya wapimaji. Sasa mtu ana mandharinyuma ya 0.11 baada ya kuvuta, anaweka kizingiti cha barakoa, yaani kiwango ambacho chini yake barakoa huwa nyeusi, kwenye 0.20 kwa sababu jicho limeridhika. Kila kilicho kati ya 0.12 na 0.20 amekikabidhi kwa anga. Akigeuza barakoa ili ifunike galaksi na kuacha anga wazi, akaondoa noizi na kutia giza, diski ya nje inazama pamoja na anga na galaksi inabaki kama iliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa. Watazamaji wanailaumu barakoa, kumbe kosa ni ile 0.20.

Dawa iko kwenye mpangilio. Ondoa nyota kwanza kwenye nakala ya mwangaza, la sivyo kila nyota itakuwa doa jeupe na kunoa kutaizungushia pete nyeusi. (Linganisha na picha ya nyota zilizotolewa: programu hizi huweza kudhani mafundo ya hidrojeni ya galaksi ya M33 ni nyota.) Lainisha kwa sigma (upana wa ulainishaji) ya pikseli 10 hivi, ndipo ukate kwa kizingiti; ukikata kwanza, chembe za noizi zinachapwa ndani ya barakoa. Noizi ikishatulia, kizingiti kinaweza kushuka hadi karibu 0.115. Zidisha thamani za barakoa hadi mikono ifike 0.8, kisha lainisha tena kidogo. Fanya yote kwa biti 32, kwa kuwa ngazi 256 za biti 8 huacha michirizi kwenye mteremko mwororo.

Wapinzani wananibana sehemu moja. Barakoa iliyogeuzwa huchukulia kuwa nje ya galaksi hakuna kitu. Mwaka 2023 uliripotiwa upinde wa oksijeni wenye urefu wa nyuzi 1.5 kando ya galaksi ya M31 (Andromeda), eneo lililopigwa picha kupita kiasi. Ulionekana kwa saa nyingi za kukusanya mwanga kupitia kichujio cha oksijeni, si kwa kuacha barakoa. Hata hivyo anayetia giza pembeni ya M31 ameshatoa hukumu kabla ya kutazama. Kwa upande wa anga, basi, ondoa noizi kwa nusu ya nguvu, sawazisha mteremko wa mwanga wa anga kabla ya kuvuta, na kiwango cha mandharinyuma usikiguse kupitia barakoa hata kidogo.