Kabla hujaniuzia gia boksi nyingine, niambie ya kwanza imeuawa na nini

Wiki iliyopita fundi alinipigia simu, salamu yenyewe nusu, akasema: "Mama, gia boksi imekufa tena. Tutafute nyingine, Ilala zipo." Nikamuuliza imekufa kwa sababu gani. "Ah, hizi gari ndivyo zilivyo," akanijibu, akaanza kunitajia bei.

Bei iliniuma, lakini jibu lile liliniuma zaidi. Gari letu la auto la viti nane limeshafungwa gia boksi za mtumba zaidi ya moja, na kila mara shughuli ni ile ile. Inashushwa ya zamani, inapandishwa iliyotoka kwa wauzaji wa Ilala, Dar es Salaam, inajazwa oili, tunazunguka na fundi mpaka Tabata na kurudi, tunapeana mikono. Miezi inapita. Kisha asubuhi moja unaweka D gari linakawia kushika, halafu linashika kwa kishindo hadi watoto nyuma wanainua vichwa. Baada ya hapo ni suala la muda tu: unakanyaga mafuta, mshale wa RPM unapanda, injini inalia, na gari haliongezi mwendo. Waliopitia wanajua mtu unavyojisikia.

Safari hii nilimwambia asiguse kitu. Nikalipia gari la kuvuta, tukalipeleka Gerezani kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni gia boksi za auto, basi. Hafungi breki, habadilishi shokapu. Swali lake la kwanza halikuhusu gia boksi kabisa. "Binti yangu, walipokufungia hiyo nyingine, rejeta waliigusa?"

Hakuna aliyewahi kuigusa. Hakuna aliyewahi hata kuitaja.

Mzee akahakikisha kwanza kwamba oili imefika kwenye kipimo chake. Kisha akachomoa mpira unaorudisha oili kutoka kwenye rejeta, akakinga chupa ya maji iliyokatwa shingo, akamwambia kijana awashe injini. Oili ilitoka kwa matone. Inatakiwa itoke kwa mkondo, chupa ya lita moja ijae hata dakika haijaisha. Ile yetu ilidondoka huku tumesimama tunaiangalia, na mzee hakusema neno. Akazima, akachukua mpira wa kompresa, akapuliza upande wa pili. Likatoka tope jeusi linalonuka kuungua, na ndani yake vichembe vinavyong'aa juani. Akafungua na sampo, lile karai la oili chini ya gia boksi. Ile sumaku ndogo inayokaa chini kukamata unga wa chuma ilikuwa imeota manyoya ya kijivu pande zote, huwezi hata kuona kwamba ni sumaku.

Hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Katika magari mengi ya aina hii oili ya gia boksi inatoka kwa bomba jembamba, inapita kwenye kipozeo kilichomo ndani ya tanki la rejeta, inarudi ikiwa imepoa. Gia boksi inapokufa, pleti za klachi zinaungua na kumeguka, na unga wake pamoja na vipande vya chuma vinasafiri na oili hiyo hiyo mpaka kwenye kipozeo, vinakwama humo. Halafu sisi tunanunua gia boksi nyingine, tunaiunganisha na kipozeo kile kile, na dakika ya kwanza ya kuwashwa kwake inaanza kupokea uchafu wa marehemu. Usipofika uchafu, inakosa oili ya kutosha iliyopoa. Kwa vyovyote vile imeshahukumiwa siku ya kufungwa, na aliyefunga amelipwa.

Nikakumbuka mlima Kitonga. Desemba, tunapanda kwenda Njombe, gari limejaa watu, juu kuna mizigo, mama mkwe amekaa mbele. Kuanzia Mikumi mpaka Ruaha Mbuyuni gari lilikwenda vizuri sana, tukasimama kununua vitunguu, watoto wakapewa mahindi. Tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya lori la tela linalotambaa. Katikati ya kona gari likaacha kuvuta. Mume wangu na kijana wa lori la nyuma walikata matawi wakayapanga barabarani, nami nikawashusha watoto upande wa mlimani, nikiomba lori linaloshuka lisije likakosa breki. Mama mkwe alisali kwa sauti muda wote ule. Mwenye kuniambia hizi gari ndivyo zilivyo, angeniambia pale.

Sasa najua kilichotokea. Kupanda mlima polepole ukiwa na mzigo ndiko kunakopasha oili ya gia boksi kuliko kitu kingine, kwa sababu toki konveta, kile kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa kutumia oili, inateleza muda mrefu na kila mteleko ni joto. Kanuni inayotumiwa sana na watu wa gia boksi ni kwamba oili ikishavuka nyuzi 80 hivi za Selsiasi, kila nyuzi kumi au kumi na moja zinazoongezeka zinakata umri wake kwa nusu. Weka hesabu hiyo kwenye gari ambalo kipozeo chake kimeziba, nyuma ya lori, Kitonga, saa nane mchana. Gia boksi ile haikuwa mbovu. Ilipikwa.

Nasema haya kwa uzito kwa sababu kuosha kipozeo si kazi ya kutisha. Ni dawa ya kusafishia, ni upepo wa kompresa kutoka pande zote mbili, na mwisho ni kupima mkondo kwa chupa kama alivyofanya yule mzee. Kikishindikana kusafishika, unabadilisha rejeta, au unakata mabomba na kufunga kipozeo cha pembeni mbele, penye upepo. Ukilinganisha na bei ya gia boksi, hata ya mtumba, ni pesa ndogo. Toki konveta nayo ni hivyo hivyo: inabeba oili nyingi na uchafu mwingi, na ukifungua sampo peke yake kwa kawaida hutoi hata nusu ya oili iliyomo kwenye mfumo. Kwa hiyo fundi anayekuambia "nimemwaga oili yote ya zamani" huku konveta ya zamani imerudishwa ilivyo, hajamwaga yote. Na kipozeo kikipasuka kwa ndani, maji ya rejeta yanaingia kwenye gia boksi, oili inageuka rangi ya maziwa yaliyotiwa rozi, gundi ya pleti inaachia. Ukiona rangi hiyo usiendeshe hata kilomita moja.

Oili yenyewe. Gerejini kote inaitwa haidroliki, iko kwenye dumu moja, inachotwa kwa kikombe na kumiminwa kwenye kila gari linaloingia. Gari la CVT, yaani la mkanda badala ya gia za hatua, lina oili yake, la gia nne lina yake, na hata kampuni moja ina aina zaidi ya moja kulingana na mwaka. Kwenye CVT mkanda wa chuma unashikilia puli kwa nguvu ya msuguano, na oili isiyo yake inaufanya uteleze na kukwaruza. Ukishakwaruza hakuna fundi wa kuurudisha.

Nitakubali jambo moja, ingawa linanikera kulikubali: zipo gia boksi zilizozaliwa na kasoro. Marekani, mwaka 2004, Honda waliita yarudi magari yapatayo milioni 1.1, yakiwemo mabasi ya familia ya Odyssey ya miaka ya 2002 hadi 2004, kwa sababu gia ya pili ilikuwa inapata joto kupita kiasi na ingeweza kuvunjika na kufunga gia boksi gari likiwa mwendoni. Kabla ya hapo walishaongeza muda wa dhamana kwa Odyssey za 1999 hadi 2001. (Odyssey hizo za Marekani si zile za Japani tunazoziona bandarini kwetu, ni gari jingine lenye jina moja, kwa hiyo mwenye nayo asikimbilie kuuza.) Lakini tazama walichofanya. Walitafuta chanzo. Magari yaliyotembea kidogo waliyafungia njia ya ziada ya kumwagia oili gia ile ya pili. Yaliyotembea zaidi waliyafungua na kuangalia kama chuma kimebadilika rangi kwa joto, na kilichobadilika ndicho kilichobadilishiwa gia boksi. Kwanza chanzo, ndipo kifaa.

Chrysler nao, walipoleta gia boksi yao ya kompyuta iliyoitwa Ultradrive mwaka 1989 kwenye magari ya familia ya Caravan na Voyager, zilikufa kwa wingi mpaka jina la magari yale likachafuka. Kati ya sababu zilizokuja kujulikana ni oili: maelekezo ya mwanzo yaliruhusu Dexron, ile ya kawaida, wakati gia boksi ilihitaji oili maalumu ya kampuni. Familia ngapi zililipia gia boksi ya pili, kisha zikajaziwa Dexron tena! Yale yalitokea kwenye nchi yenye vitabu vya mafundi kwa kila gari. Sisi tunaotumia dumu moja kwa wote tuna haki gani ya kushangaa?

Mafundi wetu wana lawama yao, lakini si yote yao. Fundi analipwa kwa kushusha na kupandisha. Mteja ukimwambia laki moja na nusu ya kuosha kipozeo anakuona mwizi, kwa sababu hakioni. Vitabu vya magari haya vingi ni vya Kijapani. Mashine ya kupimia gari mtaani mara nyingi inasoma injini tu, haiingii kwenye kompyuta ya gia boksi. Na sisi wenyewe tunapakia watu kumi na mmoja kwenye viti vinane na kiroba cha mchele juu. Yote hayo ni kweli. Hayabadilishi wajibu wa mtu anayepokea zaidi ya milioni yangu kunieleza kilichoua kifaa ninachomlipa akibadilishe.

Wauzaji wa Ilala nao. Gia boksi inakaa sakafuni, matundu ya mabomba yako wazi, vumbi linaingia, oili imekauka, na dhamana ni "ukifunga ikashika gia, biashara imeisha". Kushika gia kwenye jeki si dhamana. Hata ile inayokaribia kufa inashika gia kwenye jeki, haijabeba mtu wala haijapanda kilima. Dhamana ya maana ingehesabiwa kwa kilomita, na gari likiwa limebeba watu wake. Muuzaji akiuza kwa masharti hayo, naye atakuwa wa kwanza kumuuliza fundi kama kipozeo kimeoshwa, maana hasara itarudi kwake. Ndiyo maana nadhani mabadiliko yataanzia kwa wanunuzi. Serikali ina mengi, na kwa mwendo wetu tutasubiri sana kanuni ya mtumba wa gia boksi.

Kwa hiyo nimeanza kudai karatasi, na nawaomba wenye magari ya aina hii mdai pia, hata kama fundi ni rafiki wa familia. Iandikwe aina ya oili kwa jina lake kamili, na chupa zije zikiwa na lakiri zifunguliwe tukiona. Iandikwe kipozeo kimeoshwa au kimebadilishwa, na mkondo umepimwa. Iandikwe konveta ni ipi, ya zamani au iliyokuja na gia boksi. Iandikwe kilomita za siku ile, na tarehe ya kurudi kukagua oili baada ya kilomita 1,000. Akikataa kuandika, pesa ibaki mfukoni. Na ile iliyokufa isitoke gereji kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla sampo yake haijafunguliwa mbele ya mwenye gari, sumaku ikaonekana.