Du Sable wa Chicago: mwanzilishi, au mkazi wa kwanza tu?

Mwezi Juni 2021 madiwani wa Chicago walipiga kura, 33 dhidi ya 15, kuiongezea barabara maarufu inayopita kando ya Ziwa Michigan jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi aliyefuga ng'ombe na kusaga unga karibu na mlango wa Mto Chicago katika miaka ya 1790. Kura ilikwisha, lakini swali lililokuwa chini yake halikwisha: je, ni haki kumwita mwanzilishi wa jiji mtu aliyeuza nyumba yake na kuondoka mwaka 1800, miaka 33 kabla ya Chicago kutangazwa kuwa mji? Wapo wanaouliza hivyo bila chuki yoyote, wakiwemo wanahistoria makini, na wanastahili kujibiwa kwa makini. Kosa ninaloliona kwao ni kwamba wanaipima hoja ya Du Sable kwa ngano zilizomzunguka, wakati hati zake, ingawa ni chache, zinasema mengi kuliko ngano hizo.

Kuna mahali ambapo wako sahihi. Hakuna cheti kinachoonyesha Du Sable alizaliwa wapi wala lini. Juliette Kinzie, katika kitabu alichochapisha mwaka 1856, alimtaja kuwa mzaliwa wa Santo Domingo, kisiwa ambacho Haiti ni sehemu yake, na kutoka hapo yakaota masimulizi mengi kuhusu Haiti na masomo ya Ufaransa, hali mwanahistoria Milo Quaife, mwaka 1933, alidhani asili yake ni Kanada. Hata mwaka 1779, ambao mara nyingi hutajwa kuwa mwaka aliofika Chicago, una mashaka, kwa sababu mwaka huo huo wanajeshi wa Uingereza walimkamata pale ulipo leo mji wa Michigan City, upande wa pili wa ziwa, wakimshuku kuwaunga mkono waasi wa Marekani, na kati ya 1780 na 1784 alikuwa msimamizi wa shamba la msitu la ofisa Mwingereza kwenye Mto St. Clair. Wapinzani huongeza kwamba kilichoikuza Chicago ni ngome ya Fort Dearborn iliyojengwa mwaka 1803, mfereji uliofunguliwa mwaka 1848, kisha reli, na kwamba mfanyabiashara John Kinzie, aliyehamia hapo na familia yake mwaka 1804, ndiye ambaye kizazi chake kilikuwapo mji ulipozaliwa kisheria. Hayo yote ni kweli, na anayemtetea Du Sable kwa kuyakana anajidhoofisha mwenyewe.

Lakini tazama ushahidi wa tarehe 10 Mei 1790. Siku hiyo msafiri aitwaye Hugh Heward, akiwa njiani kuelekea Mto Illinois, alisimama kwa Du Sable akaandika katika shajara yake alichonunua: ratili 41 za unga, ratili 29 za nyama ya nguruwe, na mikate iliyokwisha kuokwa, akilipa kwa yadi 13 za kitambaa cha pamba. Wengi huupita mstari huo wakiuona kuwa hesabu ya kawaida ya msafiri. Mimi nimeurudia mara nyingi, kwa sababu unga haupatikani bila mtu kulima ngano msimu uliopita, kuivuna, kuihifadhi isiliwe na panya wakati wa baridi kali ya ziwa, kisha kuisaga. Mkate haupatikani bila tanuri, kuni, na mtu anayeamka alfajiri kukanda. Ratili 41 si chakula ambacho mtu hupunguza kwenye akiba yake kwa kumhurumia mgeni. Ni ziada ya shamba linalozalisha kwa ajili ya kuuza. Kambi nyingi za wanunuzi wa manyoya zilikuwa za msimu, na watu wake walikula walichowinda au walichonunua kwa wenyeji. Huyu alikuwa akiwalisha wapita njia.

Hati ya pili inathibitisha ya kwanza. Tarehe 7 Mei 1800 Du Sable aliuza mali yake kwa Jean La Lime kwa livre 6,000, fedha ya Kifaransa ya wakati huo, na hati ya mauzo ikaorodhesha kila kitu: nyumba ya magogo yenye futi 22 kwa 40, mabanda mawili makubwa, kinu kinachozungushwa na farasi, jengo la tanuri, banda la kuku, chumba cha maziwa, nyumba ya kukaushia nyama kwa moshi, ng'ombe 30, kuku 44, pamoja na samani nzuri na picha za ukutani. Anayesoma orodha hiyo haoni kibanda cha mtu aliyekuwa tayari kuhama wakati wowote. Anaona kijiji kidogo chenye mwenye nyumba mmoja. Na miongoni mwa walioshuhudia mauzo hayo kwa saini zao ni John Kinzie, ambaye miaka minne baadaye aliingia kuishi katika nyumba hiyo hiyo.

Hapa ndipo ilipo sehemu inayonisumbua zaidi katika mjadala mzima. Hati hiyo ililala katika hifadhi ya nyaraka huko Detroit hadi mwaka 1913. Kwa miaka 113 watu wa Chicago walihesabu historia ya mji wao bila kuiona, na katika miaka hiyo ndipo Kinzie alipopewa sifa ya kuwa baba wa Chicago, na nyumba ya Du Sable, ikiwa imekarabatiwa, ikachorwa vitabuni kwa jina la nyumba ya Kinzie. Kitabu cha mwaka 1856 nilichokitaja kiliandikwa na mke wa mwanawe Kinzie, aliyekuwa na kila sababu ya kuitukuza familia aliyoolewa nayo, na simlaumu kwa hilo. Ila tunapoambiwa leo kwamba Du Sable hakuacha athari yoyote katika mji uliofuata, inafaa kukumbuka kwamba athari yake ilikuwapo yote, imesimama ukingoni mwa mto, ikiitwa kwa jina la mtu mwingine. Kinzie hakuanza kwenye kiwanja kitupu.

Halafu kuna familia, ambayo wajadili wengi huigusa kwa sentensi moja tu. Du Sable alimwoa Kitihawa, mwanamke wa Wapotawatomi, taifa la wenyeji wa asili wa eneo hilo, ambaye kanisa lilimwita Catherine. Ndoa yao iliandikishwa mbele ya padri huko Cahokia, mamia ya kilomita kusini, tarehe 27 Oktoba 1788. Lakini binti yao Susanne aliolewa mwaka 1790, na binti anayeolewa mwaka huo hakuzaliwa baada ya 1788. Ni wazi kwamba wawili hawa walikuwa mume na mke kwa mila ya kwao Kitihawa miaka mingi kabla ya kwenda kanisani, na kwamba pale mtoni Susanne na kaka yake Jean walikuwa na wajomba. Mwaka 1796 Susanne alimzaa Eulalie, na huyo ndiye mtoto wa kwanza ambaye kuzaliwa kwake Chicago kumehifadhiwa katika maandishi. Vizazi vitatu vya familia moja mahali pamoja, kabla ya askari wa kwanza wa Fort Dearborn kufika!

Sisi tunaosoma Kiswahili hatuwezi kulisikia neno mlowezi bila kufikiria watu waliofika na bunduki na ramani, wakapewa ardhi ambayo mwenyewe hakuulizwa. Du Sable hakuingia hivyo. Aliingia kama mkwe, na haki yake ya kukaa pale ilitoka kwa ukoo wa mkewe. Wanaompinga kwa hoja kwamba kumtukuza ni kuwasahau Wapotawatomi wana jambo la maana mkononi, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wenyeji, na mkataba wa Greenville wa mwaka 1795, kati ya Marekani na mataifa ya wenyeji, uliwanyang'anya eneo la mraba lenye maili sita kila upande pale pale mlango wa mto, kisha ule wa 1833 ukawasukuma magharibi ya Mto Mississippi. Nakubali pia kwamba biashara ya manyoya aliyoshiriki ilikuwa sehemu ya mlango ambao wengine waliingilia. Lakini hoja hiyo, ikifuatwa hadi mwisho wake, haimrudishi Kinzie. Inamleta mbele Kitihawa, kwani bila yeye Du Sable angekuwa mpita njia kama Heward.

Baada ya kuuza, Du Sable alihamia St. Charles, ng'ambo ya Mississippi, eneo lililokuwa bado chini ya Hispania. Mwaka 1813, akiwa mzee, alimpa mjukuu wake wa kike nyumba na kiwanja kwa masharti kwamba amtunze na amzike katika makaburi ya Wakatoliki. Alifariki tarehe 28 Agosti 1818. Kitabu cha maziko cha parokia hakikutaja wazazi wake, wala mke, wala mahali alipotoka. Kilimtaja kwa neno moja la Kifaransa linalomaanisha mtu mweusi.

Kwa hiyo, neno mwanzilishi limetumika vibaya? Ikiwa mwanzilishi ni yule aliyechora mitaa na kupata hati ya serikali, Du Sable siye, na Kinzie naye siye, maana alifariki mwaka 1828. Ikiwa ni yule aliyeanzisha makazi ya kudumu yenye shamba, kinu, tanuri na watoto, ambayo hayakuvunjika bali yalirithiwa na waliofuata, basi jimbo la Illinois na jiji la Chicago hawakukosea walipomtambua rasmi mwaka 1968, na kilichobaki kulaumiwa ni kuchelewa kwao. Kilichobaki kudaiwa ni kingine. Jina lililopitishwa na madiwani wale 33 linamtaja mume peke yake, na ardhi ile ilikuwa ya watu wa mkewe.