Duka Limetakata, Mimi Nimeumbuka

Sikuusukuma. Naapa sikuusukuma. Nilinyoosha mkono kama ninavyonyoosha siku zote, mlango ukakimbilia pembeni wenyewe, mkono ukabaki hewani, nami nikaingia dukani kama mtu anayeomba kura.

Duka lenyewe ni lile lile la pombe la mtaani, lililofungwa wiki sita kwa ukarabati. Wiki sita hizo tumeishije, tunajua wenyewe. Leo limefunguliwa. Mbao zimetoka, vioo vimeingia. Taa nilianza kuzihesabu, kufika ya thelathini macho yakatoa machozi. Sakafu inang'aa mpaka unaona soli ya kiatu chako ilivyokwisha, jambo ambalo nilikuwa nimefanikiwa kutoliona tangu mwaka jana.

Mimi si adui wa maendeleo. Maendeleo nayapenda, tena nayasubiri tangu sijaoa. Lakini duka la zamani lilikuwa na giza lake, na giza lile lilikuwa la heshima. Unaingia mtu mzima, unatoka mtu mzima, yaliyotokea katikati ni siri yako na mzee wa kaunta. Mzee yule hakuulizi kitu. Akiona kivuli changu mlangoni, mkono wake tayari uko chini ya kaunta. Bia mbili, gazeti la juzi, zungusha, haya nenda. Na ubao wa kaunta ulikuwa umeliwa na viwiko vyetu mpaka ukafanya kishimo, kiasi kwamba ukiweka sarafu inateremka yenyewe kwenda kwa mzee. Kaunta ilijua kazi. Leo nimeuliza ule ubao uko wapi. Umepigwa msasa, umepakwa vanishi, umetundikwa ukutani juu kabisa. Pambo! Sarafu zetu sasa ziteremkie wapi?

Mzee mwenyewe yupo bado. Wamemvalisha aproni na beji kifuani: NIULIZE CHOCHOTE. Nikamuuliza.

"Mzee wangu, bia zangu ziko wapi?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanisogelea. "Mwanangu, hata mimi nazitafuta tangu asubuhi. Ngoja nikuitie mshauri."

Mshauri! Nilipopunguzwa kazini hakuletwa mshauri. Nilipooa, wallahi, walikuja wapishi, wapiga ngoma na wanaonidai, mshauri hakutokea. Leo nanunua bia mbili, naletewa mshauri.

Akaja kijana amechomekea, meno yote nje. "Karibu sana, baba. Leo tunasherehekea nini?"

"Jumanne," nikamjibu.

"Safi sana! Na tutakunywa pamoja na chakula gani?"

Chakula? Chakula kiko nyumbani, sijaambiwa ni kipi, na mtu mzima haulizi mpaka kifunuliwe. Nikamwambia kijana wangu, mimi nataka bia. Akacheka kama nimetoa mzaha mzuri, akanishika kiwiko, tukaanza safari. Bia nikaziona! Zimepangwa ndani ya friji la kioo, zinamulikwa kama bibi harusi. Tukazipita. Nikageuza shingo kuzitazama, nazo zikanitazama, tukaachana vile.

Akanipeleka mpaka rafu ya mbele, iliyoegemea kioo cha barabarani. Kumbuka hicho kioo. "Baba, kabla hujaamua, shika tu hii." Nikapewa chupa nzito kama jiwe la kusagia, kizibo chake peke yake kina hadhi kuliko saa yangu. Konyaki. Akanieleza kwamba hiyo ni mvinyo wa zabibu kutoka eneo la Cognac, Ufaransa, unakenekwa mara mbili, yaani unachemshwa mvuke wake ukakingwa, halafu unalazwa kwenye mapipa ya mwaloni. Ukiona VS kwenye lebo, kilicho kichanga kabisa humo kimelala miaka 2 angalau. VSOP, miaka 4. Hii XO zamani ilikuwa miaka 6, lakini tangu 2018 sheria inadai miaka 10.

"Miaka 10 kwenye pipa, baba, ndiyo maana thamani inapanda."

Nikawaza. Mimi chumba kile cha kupanga nimelala miaka 11, na kilichopanda ni kodi.

"Na ikishaingia kwenye chupa," akaendelea, "hapo haizeeki tena. Umri umesimama."

Nikaitazama ile chupa kwa wivu wa kweli. Nikaishika kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, taa zote thelathini zikitumwagikia, fidla zikilia juu ya dari, kijana akicheka na kunipigapiga begani. Nikainua macho. Ng'ambo ya kioo, kioo kisafi ambacho ndege angejigonga, amesimama mwenye nyumba wangu.

Asubuhi ya leo hii nilikuwa mlangoni kwake. Nimeshika shavu. Sauti nimeivuta kutoka kisigino. Nikamwambia mzee, hali unaiona, nivumilie mpaka katikati ya mwezi, hata dawa ya jino nimeshindwa. Akanivumilia. Akaniambia pole.

Sasa amesimama. Ananitazama mimi, anaitazama chupa, anasoma lebo. Akainua mkono taratibu kunisalimu. Na mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikainua mkono kumjibu. Uliokuwa na chupa.

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Nikageuza chupa nione bei walau nijue nimeuawa kwa kiasi gani. Nikaigeuza tena, maana mara ya kwanza nilidhani ni namba ya simu.

Bia zangu nimezipata mwisho, kwa kumkimbia kijana alipoinama kuokota beji. Lakini nazo nina neno nazo. Duka zima la kisasa, mshauri yupo, halafu bia za chupa ya kijani zimewekwa chini ya mataa mchana kutwa! Bia haipendi mwanga. Mwanga unavunja ule uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, na bia inapata harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia inaukinga mwanga vizuri, ya kijani inaupitisha tu. Mzee wetu gizani kwake bia ilikuwa salama miaka yote, wala hakuwahi kuandika mahali kwamba yeye ni mtaalamu. Na mvinyo wa kizibo cha gome, ambao unatakiwa ulale kizibo kisikauke, umesimamishwa dirishani kwenye jua kama mwanafunzi aliyechelewa. Hizo fidla nazo mnadhani ni bure? Kuna utafiti wa Marekani, ulichapishwa 1993, walipiga muziki wa klasiki kwenye duka la mvinyo. Wateja hawakuongeza idadi ya chupa, walichagua za bei kubwa zaidi. Nimeusoma kwenye simu saa nane usiku. Usingizi wenyewe uko wapi.

Nje nikawakuta wenzangu, kila mmoja na maoni yake. Fundi viatu analia na benchi lililong'olewa. Mwalimu mstaafu amekwama kwenye bango, anasema "vinyaji" si neno, hatanunua mpaka lirekebishwe, na tukimjua vizuri atavumilia mpaka saa kumi na mbili. Mama wa nyumba ya kona ndiye pekee aliyefurahi. Anasema sasa anaingia, anasoma bei zilizoandikwa, anatoka bila kubanwa bega na mlevi. Hapo sina la kujibu, kwa sababu bega lenyewe mara nyingi lilikuwa langu.

Ah, na mlangoni wameweka mashine ya sura tano, kuanzia inayocheka mpaka iliyonuna, ubonyeze ulivyohudumiwa. Nikatafuta sura ya mtu aliyeonwa na mwenye nyumba. Haipo. Nikabonyeza iliyonuna, mashine ikasema asante kwa furaha, tena kwa sauti ya juu, watu wakageuka. Nikabonyeza tena. Ikashukuru tena. Mnanishukuru nini? Nirudishieni giza langu!

Sasa niko nyumbani, bia ya kwanza imeisha bila hata kuonja. Ujumbe umeingia: "Nimefurahi jino limepona. Nakuja jioni tuongee." Na aje. Mimi nitamwonyesha dari linavyovuja, tena limechagua kuvuja juu ya mto, sio miguuni ambako mtu angeweka beseni akalala. Nitamwonyesha huu mlango, mwezi wa nne haufungi mpaka uusukumie kiti, na wenzake dukani milango inajifunga yenyewe. Nitamuuliza pia bomba la uani lilikatwa na nani, maana jirani anasema ni panya, na mimi panya anayetumia msumeno sijawahi

Subiri. Nani huyo anabisha? Mama watoto, zima taa.